Jumanne, Usikimbie

Kocha Semhando si mtu wa maneno mengi.
Kaandika kwa kalamu nyekundu, nyuma ya risiti ya luku:
Jumatatu, kilomita nane, Sahare na kurudi.
Jumanne, usikimbie.
Akapiga mstari chini yake,
akafikiri, akapiga wa pili,
kana kwamba ananifahamu.

Ananifahamu.

Saa kumi na moja alfajiri macho yako darini,
miguu inafurukuta ndani ya shuka
kama kuku wa sikukuu aliyefungwa kamba.
Viatu viko mlangoni, vimenipa kisogo.
Huko nje, Barabara ya Kumi na Nne, mtu anafagia,
na kila fagio likipita lasema: toka, toka, toka.

Wiki iliyopita nilitoka.
Kidogo tu, nilijiambia, mpaka Raskazone,
na goti la kushoto likanirudisha kwa bodaboda:
shilingi elfu mbili, na aibu juu yake.

Basi leo nimeitoa baiskeli ya marehemu baba,
Foniksi, nyeusi, kengele imekufa,
breki ina maoni yake yenyewe.
Mji huu Mungu aliupiga pasi;
bibi harusi aweza kupakiwa nyuma ya baiskeli
kutoka Makorora hadi Chumbageni
na gauni lisipate kunyanzi.
Nikazungusha taratibu. Nusu saa.
Jasho lenyewe la mtu anayesoma gazeti.
Goti likapanda, likashuka, halikunung'unika,
mfano wa bawaba iliyotiwa mafuta ya nazi.

Nilidhani nimemaliza.

Narudi, namkuta Bi Mwanvua dirishani kwake,
aliyepigwa na kiharusi mwezi wa Rajabu.
Ameshika nondo kwa mkono uliobaki naye,
anainua kisigino. Anashusha. Anainua.
"Ndiyo dawa niliyopewa Bombo," akasema,
"ishirini asubuhi, ishirini jioni.
Niko ya saba. Saba hii, mwanangu, ina mwinuko."

Nikaegesha baiskeli, nikashika nondo zilezile
kwa upande wangu wa barabara,
nikainua visigino. Mie, wa kilomita nane!
Kumi: mchezo.
Kumi na tatu: mashavu ya miguu yakaanza kuulizana.
Kumi na sita: nikakumbuka kamba ya kiatu,
nikainama kuifunga. Nilikuwa nimevaa kandambili.

"Sasa mguu mmoja mmoja," akasema Bi Mwanvua,
"usiniibie hesabu."
Kwa mguu mmoja nikayumba kama ngazi ya kuazima.
Akacheka kwa upande mmoja wa uso
na ule wa pili, naapa, ulitaka kufuata.

"Kila siku wapita hapa mbio.
Kanga yangu hupepea, nikitazama, hupo.
Watu husema Tanga ni waja leo waondoka leo;
wewe waja sasa hivi na sasa hivi umeondoka.
Huyo unayemkimbilia,
ukimkosa Jumanne, Jumatano hayupo?"

Sikumjibu. Nilikuwa kwenye tisa
na tisa haitaki mazungumzo.

Tulipumzika. Akanielekeza kuketi barazani na kuinuka
bila kushika kitu, polepole,
kama mtu aliyebeba uji wa moto.
Mara kumi. Mapaja yakatetemeka
mahali ambapo mbio hazijawahi kufika.
Mtoto wa duka la mkabala, anayeitwa Hoza,
akaacha kupima sukari, akatuhesabia kwa sauti,
akaruka sita, tukamrudisha.

Jumatano, kocha aliniuliza: jana ulifanya nini?
Baiskeli, nikasema. Visigino. Kuketi na kuinuka.
Ukiwa na nani?
Na jirani.
Akatoa ile risiti mfukoni, imeshaanza kuchanika,
akaandika pembeni ya Jumanne, kwa wino mwekundu: jirani.
Akapiga mstari chini yake. Mmoja tu.

Bi Mwanvua yuko kumi na moja sasa.
Mguu wangu wa kushoto bado unayumba.